Ng'ombe Wangu na Gari la Mapazia

Chekeni mmalize, kisha mnisikilize. Hapa Nyansiongo, ng'ombe akianza kulilia dume unamfunga kwenye krashi, kile kizuizi cha mbao kando ya barabara, na daktari wa ng'ombe hupita asubuhi na gari kumtia mbegu. Ukichelewa, basi. Mimi nilikuwa nimeshamkosa mara mbili. Juzi nikaapa: leo hanipiti!

Kufika krashini na ng'ombe wangu, nikakuta gari jeupe limeegeshwa papo hapo, lina kitanda na mapazia. Nikasema kumbe serikali imeendelea. Nikagonga. Akatoka mama Mzungu, mswaki mdomoni.

"Daktari, ng'ombe yangu iko tayari!"

Akatabasamu, akaniletea jagi. Alidhani nauza maziwa!

Mimi si mtu wa kukata tamaa. Kwa vile Kizungu changu kinaishia kwenye salamu, nikamweleza kwa vitendo. Nikainua mkia wa ng'ombe, nikaelekeza kidole mahali penyewe, nikanguruma kama fahali. Mumewe akatoka na kamera. Nikarudia yote, kwa bidii zaidi.

Nyuma yangu gari dogo likapiga honi, likapita. Nikageuka. Barabarani amesimama mama mkwe wangu, ambaye kwa heshima yetu hata mkono hatupeani, amejifunika uso kwa leso.

"Baba Moraa," akasema, akiyaambia majani ya chai ya shamba la kando ili asinitazame, "hao ni watalii. Daktari ndiye huyo amepita."