Miguu ya Anti Melda

Nikikumbuka utoto wetu wa Namuwongo, karibu na reli, kwanza ninakiona kitambaa cheupe. Habuba, ndivyo sisi Wanubi tunavyomwita bibi, alikifuma kwa mkono wake ili kufunika televisheni ya baba. Jumamosi alasiri, umeme ukiwepo, mimi na dada yangu Zaitun tulikikunjua, tukakaa kwenye mkeka kumngoja Anti Melda.

Anti Melda alikuwa na kipindi cha watoto. Alikaa nyuma ya meza na sungura wa kitambaa mkononi, akaimba, akasimulia hadithi. Treni ikipita, picha ilitetemeka, nasi tulibana pumzi mpaka itulie. Mimi nilikuwa na miaka saba, Zaitun tisa.

Siku moja Habuba alisimama nyuma yetu, tasbihi mkononi.

"Huyu ana miguu?"

"Kila mtu ana miguu, Habuba," Zaitun akajibu.

"Umeiona?"

Kweli hatukuwahi kuiona.

"Jini hujipamba mpaka kiunoni," alisema. "Kwato ndizo zinazomshinda. Sasa huyu kila siku yuko nyuma ya meza, kwa nini?"

Akatupa wiki moja. Tusipoiona miguu Jumamosi inayofuata, kitambaa hakitatoka tena pale. "Na msimchungulie sana," akaongeza. "Atawaumiza."

Labda tungeogopa. Lakini wiki ile sikumbuki hofu, nakumbuka hamu ya kujua tu. Mimi nilipanga kulala sakafuni na kuchungulia kwa chini. Zaitun alinicheka.

"Mjinga wewe! Dirishani ukitaka kuona kilicho chini, unalala au unapanda?"

Jumamosi ilipofika alipanda kigoda, akaegemea televisheni, akakiangalia kioo kutoka juu. Kitambaa tulikuwa tumekikunja pale juu, na gilasi ya maua ya plastiki juu yake. Kigoda kikateleza. Zaitun akashika kitambaa, gilasi ikaanguka ikavunjika, na mguu wake wa kushoto ukatua juu ya vipande.

"Umeiona?" nikamuuliza. Mungu anisamehe, sikuuliza kwanza kama ameumia.

"Nimeona meza tu," akasema, ndipo akaanza kulia.

Habuba alikuja mbio, akaufunga mguu kwa mtandio wake. Damu ilikuwa nyingi. Onyo lake lilikuwa limetimia, nami nikangoja azime televisheni. Badala yake aliigeukia, akamtazama Anti Melda kwa muda.

"Dada yako alipoanguka, huyu alicheka?"

"Hapana, Habuba. Aliendelea kuimba."

Akafikiri, tasbihi ikitembea vidoleni.

"Jini angecheka," akasema.

Jumamosi iliyofuata alikitoa kitambaa mwenyewe, akaketi katikati yetu. "Msidhani nimeridhika," alisema. "Miguu tutaitafuta wote." Tuliitafuta hivyo wiki baada ya wiki, mpaka kipindi kikaondolewa. Anti Melda hakusimama hata mara moja.

Habuba alitangulia mbele za haki. Sisi tuliolewa, Zaitun akahamia Ggaba, lakini hata tulipokuwa watu wazima na watoto wetu, kila Jumamosi alasiri alinipigia simu.

"Mdogo wangu, umeiona?"

"Bado."

Tukacheka, ndipo tukaulizana habari za nyumbani.

Zaitun alifariki mwaka huu, kabla ya Ramadhani. Nilikuwa miongoni mwa wanawake waliomwosha. Tulianza upande wa kulia, kama tulivyofundishwa. Tulipofika mguu wa kushoto, niliona kovu lile chini ya kidole gumba, jeupe, limepinda kidogo. Mwanamke aliyetuongoza akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, maji." Nilikuwa nimesimama na birika, nimesahau kumimina.

Majini wapo, Kitabu chetu kimesema, wala sibishani na Habuba. Siku hizi naona hata yeye alikuwa na hamu kama sisi, ila alihitaji sababu ya kuketi mkekani. Nilimimina maji taratibu, nikauosha ule mguu vizuri, mpaka katikati ya vidole.

Miguu ya Anti Melda sijaiona mpaka leo. Jumamosi alasiri ikifika huwa naiweka simu karibu nami. Jibu ninalo, ni lilelile, bado. Hakuna wa kuniuliza.