Dakika Hamsini za Parsaoti

Kaka yangu Parsaoti anafuga ng'ombe pale mwisho wa Kitengela, mahali nyumba za kupanga zimekaribia kumeza boma lake. Ndege zinazoenda kutua Nairobi humpitia juu magurudumu yakiwa nje tayari, na ng'ombe hata hawainui kichwa. Kwa hivyo aliamua kitambo kwamba uwanja wa ndege uko jirani. Kwa Parsaoti, kitu ukishakiona na macho, umefika.

Mwaka jana Dennis, mtoto wa marehemu dada yetu, alipata mchumba Kisumu. Parsaoti ndiye mjomba, kwa hivyo ndiye msemaji siku ya kwenda kuomba msichana. Kina Odero, watu wa msichana, walituonya mapema: geti inafungwa saa sita mchana, na anayechelewa anapigwa faini. Wakwe wa siku hizi hawachezi na hiyo.

Tukakodi gari ya kuondoka Ijumaa. Parsaoti akakataa kupanda.

"Eunice, nyinyi endeni mkakunje magoti usiku mzima. Mimi niko na tikiti. Nairobi mpaka Kisumu ni dakika hamsini. Nitakunywa chai hapa, mchana nile mbuzi huko."

"Na kufika uwanjani?"

"Uwanja si ule!" Akanyoosha fimbo juu, penye ndege ilikuwa inapita.

Jumamosi, saa sita ikikaribia, tulikuwa getini, Dennis amelowa jasho ndani ya suti. Parsaoti akapiga simu. Ng'ombe alikuwa anazaa, sasa angemwachaje? Alipomaliza akakuta barabara imejaa malori. Alipofika uwanjani ndege yake ilikuwa hewani, na hiyo ilikuwa imekunja magurudumu.

"Nimepata ya saa nane," akasema. "Ni dakika hamsini tu."

Mama Odero, mama ya msichana, alikuwa ameshikilia geti. "Msemaji wenu ako wapi?"

"Ako njiani, mama."

"Njia gani?"

Nikaonyesha mbinguni. Bwana anisamehe, ilikuwa karibu na ukweli.

"Anti, wakiturudisha?" Dennis akaninong'oneza.

Nikaomba kimoyomoyo, kisha nikasonga mbele. "Tumekuja kuomba msichana."

"Wewe mwanamke ndio utaongea?"

"Mdomo wetu umeachwa na ndege, mama. Mimi ndio masikio, lakini nitajaribu."

Wanawake wakacheka mpaka geti ikafunguka yenyewe. "Ingieni," Mama Odero akasema. "Faini ataleta mwenyewe."

Parsaoti alifika saa kumi, tumeshakubaliwa na Dennis ameshaanza kutabasamu. Geti ikafungwa mbele yake.

"Sopa, mkwe!" Mama Odero akamsalimia kwa Kimaasai chetu, maana Dennis alikuwa amemfundisha. "Kwenu ni mbali?"

"Hapana, mama. Dakika hamsini."

"Basi simama hapo dakika hamsini." Akawasha saa ya simu.

Kaka yangu akanitafuta kupitia vyuma vya geti. Nilikuwa na sahani.

"Eunice, nipitishie hata ubavu mmoja."

"Kwani ni mbali, kaka? Si unaiona na macho?"

Nikafumba macho, nikaombea chakula pole pole, ndio nikaanza kula.