Vichwa vya Nyaya Nilivyovisugua

Mimi na uchafu hatupatani, na kwa hilo nimetaniwa tangu usichana. Miaka ile ya Ujamaa nilikuwa mtunza stoo wa shamba la mkonge kati ya Kilosa na Mikumi, shamba ambalo serikali ilikuwa imeshalichukua liwe la umma. Tuliposikia wageni wa wilaya wanakuja kukagua, nilishusha kila kitu kwenye rafu.

Kulikuwa na boksi la vichwa vya nyaya, vile vipande vyenye tundu ambavyo fundi umeme huvibana kwenye ncha ya waya kisha akavifunga kwa nati kwenye mota. Vilikuwa vya kijivu, vimefifia. Nikachukua jivu na mchanga, nikavisugua kama ninavyosugua sufuria, siku mbili nzima, mpaka shaba ikatokeza nyekundu na kung'aa. Wageni walivisifia. Mimi nikavimba kichwa.

Wiki iliyofuata fundi wetu alikuja kuchukua vya mota ya pampu. Alikigeuzageuza kimoja, akanitazama, akatia sahihi na kuondoka bila neno. Nilidhani vimempendeza.

Masika ikaingia, na kibanda cha pampu kiko mtoni, unyevu mtupu. Asubuhi moja mota iliungua. Kambi nzima ya wafanyakazi ikakosa maji na mashine ya kuchakata mkonge ikasimama. Mchana huohuo tukaitwa kwenye mkutano wa kamati ya shamba, na tayari mtu alikuwa ametumwa Kilosa kuita polisi. Neno lililokuwa midomoni mwa watu ni hujuma, na siku hizo neno hilo lilimtoa mtu nyumbani kwake asirudi.

Mwenyekiti aliinua kichwa cha waya kilichoungua. "Ndugu fundi, hiki ulikifunga wewe?"

"Nilikifunga mimi."

"Kwa nini kimeungua?"

"Hivi ni shaba iliyopakwa bati la kijivu kiwandani, ndugu mwenyekiti. Bati linazuia kutu. Hiki hakina bati, kimeota kutu, kikapata moto."

"Na bati limekwenda wapi?"

Fundi aliangalia mikono yake, hakuangalia upande wangu hata mara moja. Hapo ndipo nilipoelewa. Mkewe alikuwa amekaa nyuma, mtoto mgongoni, anatazama mlango ambao polisi wangeingilia.

Nikasimama. "Nimelitoa mimi. Nilidhani ni uchafu."

Watu wakaguna. Mmoja akauliza kwa kejeli huyu fundi ni nani wangu. Nilipandwa na hasira nikatoka mbio hadi stoo. Vilikuwa vimebaki vichwa vidogo vya nyaya za taa, visivyoenea kwenye mota, ambavyo sikuwahi kuvifikia. Nikarudi nacho kimoja mkutanoni, nikakisugua mbele yao kwa jivu na mchanga, jasho likinitoka, mpaka wekundu ulipoanza kuonekana. Mwenyekiti akakipokea, akakigeuza upande wa mwanga.

Nikaona tumeshinda, na mdomo wangu haukujua kukomea hapo. "Fundi hana kosa. Hakujua. Mwulizeni mwenyewe. Fundi, si hukujua?"

Angeweza kuitikia kwa kichwa tu.

"Nilijua," alisema. "Nilijua siku ileile pale stoo. Vingine havikuwepo na watu walitaka maji. Nilidhani vitavumilia mpaka vije vipya."

Polisi walipofika waliambiwa warudi, hujuma haikuwepo. Ulikuwepo uzembe, na uzembe ni wa anayejua. Mimi nisiyejua nilipewa onyo, nikabaki na funguo za stoo. Yeye aliachishwa kazi na kutakiwa aiache nyumba ya shamba kabla ya Jumapili.

Waliondoka na lori lililokuwa likienda Kidodi kuchukua miwa. Nilikwenda kuwasaidia kupakia vyombo. Nikamwamkia mkewe, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, "Shikamoo, dada." Alinisikia vizuri. Akapanda lori bila kuitikia.