Shikamoo Kwanza, Kisha Neno

Nakumbuka, mjukuu wangu, Jumamosi moja pale Kilosa, mdogo wangu Zuhura binti Selemani alipokwama katikati ya habari za mfalme wa Uajemi aliyepinduliwa, mbele ya baba yetu, na safari yake ya masomo ikawa karibu kukwama pamoja naye.

Zilikuwa zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa. Gulio la Kimamba limejaa mitumba na redio kaseti, na kila kijana anatamani kwenda mahali. Zuhura alitaka kwenda kusoma Uajemi. Mwalimu wake alikuwa Maalimu Shabani Kibwana, aliyesoma huko ujanani mwake na kuyaona mapinduzi yao kwa macho. Mimi shule yangu iliishia darasa la nne. Nilikuwa nikikaanga vitumbua barazani kwa Maalimu, basi masikio yangu yakasoma bure.

Kiajemi cha kuombea maji Zuhura alikwisha kukimaliza. Lugha kubwa, alisema Maalimu, ataikuta ndani ya mapinduzi. Alimwekea kanda zenye kelele za waandamanaji barabarani, kisha akamtaka asimulie siku ya maandamano leo kama mwoka mikate, kesho yake kama askari aliyeamriwa kupiga risasi, halafu kama mama wa yule askari. "Umati hauna ulimi," alikuwa akisema. "Mtu ndiye mwenye ulimi." Sijaona tena mwalimu wa namna ile.

Siku hiyo Baba alikuja kwa baiskeli kutoka Kimamba, amsikie bintiye kabla hajaenda Dar es Salaam kufanyiwa usaili wa nafasi ya masomo. Zuhura akawa anasema kwa Kiajemi, kisha anatufasiria. Kufika pale vijana wanapomkemea mfalme, akamtazama Baba, sauti ikapungua. Akasema mfalme aliaga watu, akasafiri kwa amani.

Maalimu akazima redio. "Zuhura, mfalme huyu ni babu yako?"

"Hapana, Maalimu. Lakini ni mtu mzima. Na Baba yupo."

"Watu walikufa barabarani, mwanangu. Ukienda kusema hivyo kwenye usaili, watajua umejifunza salamu tu. Mfalme alikimbia."

Zuhura akainama. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sisi tulilelewa kwamba ya wakubwa hayasemwi mbele ya wakubwa. Kiajemi anakijua, lakini kinywa hakifunguki.

Baba akaweka kikombe chini, akacheka. "We binti, unadhani mimi sijawahi kugoma? Mkonge wa Kimamba nimeukata mimi. Siku tuliyogoma, nyapara alikuwa Mzee Mponda, rika la baba yangu. Tukajipanga, tukamwamkia shikamoo, akaitika marahaba. Ndipo nikamwambia: Mzee, leo hatukati, na wewe unatuonea."

"Akasemaje, Baba?"

"Alitutukana mpaka koo likamkauka! Lakini marahaba alikwisha kuitoa. Angeirudishaje?"

Hata Maalimu alishika mbavu. Zuhura akasimama, akamwamkia Baba upya, akaanza tena toka mwanzo. Mfalme alikimbia, akasema. Wala hakuishia hapo. Akasema kuwa wale waliopiga kelele bega kwa bega, baadaye walitiana magerezani wenyewe kwa wenyewe. Maalimu alikuwa na rafiki zake pande zote mbili. Alivua miwani, akaifuta, akaendelea kuifuta.

Huko Dar es Salaam msaili alikuwa mzee wa Kiajemi, na Zuhura alitusimulia aliporudi: alimwamkia kwa adabu zote za kwao, kisha akamweleza yote, matamu na machungu. Mzee yule akamwambia, "Karibu kwetu, binti." Kimamba tulichinja mbuzi.

Basi sikia, mwanangu. Heshima si utumwa. Usimfiche mkubwa jambo la kweli ukadhani umemheshimu. Umemwacha gizani tu. Na usimtupie kweli usoni kama maji machafu, maana hataiokota. Ukijifunza lugha ya watu, jifunze na machozi yao, uyaseme bila kuyapunguza.

Mungu akupe ulimi wenye adabu usio na woga. Nami bibi yako, siku ukiwa na neno chungu juu yangu, njoo. Niamkie. Nikishaitika marahaba, keti, useme.