Nilivyopima chumba cha baba mkwe bila kuingia: kwa watafiti wa masters na PhD

Wakuu wa jukwaa, wazee kwa vijana, nawasalimu kutoka Nyansiongo. Mvua imetukumbuka na chai imechipua vizuri.

Nimesoma humu malalamiko ya watafiti wa masters na PhD. Wengine mnasema vyuo vinawaacha mhangaike peke yenu, wengine mnasema workshop ni za kula sambusa tu. Mimi nina langu la miaka ya sabini. Ni kweli tupu, na mwenye masters yenyewe bado yu hai. Nikikosea atakuja kunisahihisha, maana hiyo ndiyo kazi anayoipenda.

Mimi ni kifungua mimba. Wazazi wetu walifariki wakatuacha wanne, miaka ya sitini, nikiwa darasa la tano. Niliacha shule nikashika jembe. Tulikuwa na pareto, ndizi na wimbi kidogo, na wadogo zangu wote walienda shule.

Msinihurumie. Nyumba ile ilikuwa na kicheko kuliko nyumba nyingi zenye baba na mama.

Aliyefika mbali ni Onchari, wa pili wangu. Alimaliza digrii Nairobi, akaambiwa abaki afanye masters. Nilimuuliza masters ni kitu gani.

"Ni kusoma jambo moja mpaka watu wakuchoke," akasema.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa hapa Nyansiongo, kwenye mashamba waliyoacha wazungu. Mume wangu, Makori, alikuwa akikamua ng'ombe wa maziwa pamoja na baba yake, na boma zetu zilipakana.

Sasa kuhusu support.

Onchari alikuwa akichunguza moshi wa kuni na kikohozi: watu wanalala wangapi, moto unakaa wapi, chumba kina ukubwa gani, dirisha lipo au halipo. Idara yao ilimfundisha kuuliza bila kumtia mtu jibu mdomoni. Ilimpa supervisor, Daktari Mwakio, mtu wa Taita, mpole, anayependa uji kuliko chai. Ikampa pia pesa za field kwa awamu mbili.

Hapo kwenye awamu ndipo palikuwa na shida. Ya pili ingetoka tu baada ya Daktari kuja kukagua na kuridhika kwamba nyumba zote za awamu ya kwanza zimepimwa kihalali. Asiporidhika, Onchari angefunga virago na masters ingeishia hapo. Sisi hatukuwa na mjomba wa kumwendea.

Idara ililipia pia msaidizi mmoja kwa kila mtafiti. Onchari alinichagua mimi. Walitaka mtu wa form four, lakini Daktari alinipa karatasi ya maswali nikaisoma, akanipa utepe nikapima ukumbi, akasema nitafaa.

Mafunzo yalifanyika kwenye ukumbi wa kanisa Keumbu. Nilikaa kwenye benchi na kalamu mkononi, mimi mama wa watoto, nikajiona nimerudi darasa la tano.

Tulifundishwa mengi ila matatu yalinikaa. Nyumba iliyochaguliwa kwa kura haibadilishwi na nyingine. Usichokiona usikiandike. Na utepe asishike mwenye nyumba, kwa sababu kila mtu huuvuta kulingana na fahari yake.

Kazi ilikuwa tamu, wakuu. Bibi mmoja aliniuliza kama nampimia chumba ili serikali imjengee kingine. Nikasema hapana. Akasema basi nipime haraka nitoke, kuku wake wanataka kutaga.

Zikiwa zimebaki nyumba chache, Onchari aliitwa Nairobi kwa mafunzo ya kupiga hesabu za utafiti. Akaniachia nimalizie. Nilipofungua karatasi ya mwisho nikaona jina la Mzee Nyang'au.

Baba mkwe wangu.

Kwa wasiojua mila zetu Abagusii, tuna kitu tunaita chinsoni, heshima ya kuoneana haya. Mke wa mwana hampi baba mkwe mkono, hakai karibu naye, na chumba anacholala hakijui hata kwa kuchungulia. Onchari alipiga kura na Daktari huko Nairobi kwa orodha ya majina ya wenye mashamba, na wala hakufikiria ni mlango wa nani.

Maswali ya kikohozi mama mkwe alinijibu yote bila taabu. Kilichobaki ni chumba.

Nilimwomba Makori akapime. Akaniangalia kama nimemwambia apande juu ya paa uchi.

"Mimi mwenyewe tangu nitahiriwe sijavuka mlango ule. Wewe unataka niingie na utepe?"

Mke wa shemeji yangu, Nyaboke, yeye hakuona shida iko wapi. Alikuwa akichambua mboga mlangoni kwangu.

"Nyumba zote hapa fundi ni mmoja," akasema. "Pima yako, andika yake. Nani atakuja kulala mle kuhakikisha?"

"Nitakuwa nimeandika nisichokiona."

"Wewe ni mokamwana, mke wa mwana; hata ukipewa ruhusa hutakiona. Sasa ni ipi dhambi ndogo?"

Nilishika kalamu, nikaiweka. Kama Daktari angegundua uongo katika nyumba moja, angezitilia shaka zote. Nikaacha pale mahali pa kipimo patupu, ingawa nilijua pengo hilo nalo laweza kumrudisha ndugu yangu nyumbani.

Mama mkwe alinihurumia, akampelekea mzee habari. Baadaye aliniambia mzee alikasirika. Si kwa kuulizwa chumba, la. Alikasirika kusikia kwamba Nairobi watasoma karatasi inayoonyesha Nyang'au hana mahali pa kulala.

Asubuhi nikiwa naanika nguo nilimwona akitoka nyumbani kwake na kamba za katani mkononi. Akazilaza kwenye nyasi, mbali nami, akanipa mgongo. Kisha akaanza kuongea na ng'ombe wake.

"Wewe Nyamweru, sikiliza. Kamba ndefu ni urefu wa chumba. Fupi ni upana. Ile yenye fundo ni dirisha. Nimezikata mwenyewe ukuta kwa ukuta. Anayetaka kuzipima azipime, mimi sijamwona mtu."

Akamswaga Nyamweru wakaenda mtoni.

Nilipima zile kamba huku nikicheka. Halafu nikaandika ukweli: chumba sikuingia, ni cha baba mkwe, kamba zilikatwa na mwenye nyumba, nimepima kamba.

Daktari alikuja na Onchari baada ya Sabato. Onchari ndiye aliyesoma kwanza. Uso ukamsawijika.

"Dada, umenimaliza. Kamba? Ya mwenye nyumba?"

Daktari aliichukua ile karatasi, akaisoma. Akaniuliza kwa nini sikuomba nyumba nyingine. Nikamwambia wewe ndiye uliyetukataza. Akatikisa kichwa, akaomba kupelekwa kwa mzee.

Chumbani hakuomba kuingia. Alikunywa uji sebuleni na mzee, wakaongea mambo ya malisho. Kisha akaomba ruhusa kupima sebule, na kuta za nje. Mimi nilisimama kwangu nikitazama mtu mzima wa Nairobi akizunguka nyumba ya udongo na utepe, Onchari akishika ncha ya pili kama anayebeba jeneza. Katika kipimo cha nje akatoa sebule, akatoa unene wa kuta, kikabaki chumba.

Akasimama pale uani. "Mzee ni mkweli na dada yako ni mkweli. Tofauti ni kidole tu. Nyumba hii imo, na awamu ya pili nitaiombea kesho."

Onchari alikaa chini kwenye nyasi na suruali yake ya Nairobi.

Lakini Daktari hakumwacha. Alimuuliza kwa nini hakunionyesha mimi dada yake orodha ya nyumba kabla ya kura, kwa nini haji kwenye vikao vya watafiti vya Ijumaa, kwa nini hajaomba fedha za kuchapia thesis ilhali zipo. Onchari alijibu kwamba hakutaka kuwasumbua.

"Kijana," Daktari akasema, "hiyo ni kazi yangu. Nisumbue."

Tulikua tukijibana, wakuu. Yatima huzoea kutoomba, na watu humsifu kwa hilo. Kumbe msaada mwingine umeshawekwa pale unakusubiri, na usipouomba unalala bure.

Onchari alianza kusumbua. Alisumbua idara mpaka akapewa masters, na hajaacha hadi leo.

Funzo langu ni hili: ukikwama field, usijaze pengo kwa uongo. Andika ulipokwama, kisha ukabishe mlango wa supervisor wako mchana kweupe.

Haya, watafiti wa humu. Ni mlango gani wa nyumbani kwenu uliowashinda kuingia, na nani aliwatolea kamba nje? Hata wale wa sambusa nawasikiliza.