Mfano wa Neno Tremble

Baba yangu alipasua mbao Mafinga miaka ishirini, ameshika mashine inayotikisika tangu asubuhi mpaka jioni. Mwishowe mikono nayo ikagoma kutulia. Akishika kikombe, chai inamwagika. Pombe hakuwahi hata kuionja.

Nikiwa kidato cha pili alikuja shuleni kuniletea blanketi. Kesho yake mwalimu wa Kiingereza akafundisha neno tremble, na mfano akauandika ubaoni: mikono ya mlevi hutetemeka. Kisha akanitazama mimi. Wenzangu walikuwa wamemwona baba, wakacheka mpaka basi. Mmoja akauliza tofauti ya tremble na shiver. Mwalimu akasema yote ni kutetemeka, andikeni.

Niliandika, na nikamwekea kinyongo. Chuoni Iringa wenzangu walisoma wafaulu, mimi nikasoma kutetemeka. Tremble ni la Kilatini, limepitia Ufaransa. Quake ni la Waingereza wenyewe tangu kale. Shudder walilipata kwa majirani zao, Waholanzi au Wajerumani wa kaskazini. Kuhusu shiver wajuzi bado wanabishana. Wapo wanaolihusisha na neno la kale la taya, nami nawaamini, maana Julai ya Mafinga naijua, meno yanavyogongana. Mkono wa baba una neno lake, tremor, na halina harufu ya pombe.

Baadaye nikaandika kijitabu cha msamiati. Nikasikia yule mwalimu amestaafu, anafundisha tuisheni Ipogolo, na kitabu anachotumia ni changu. Jina langu liko kwenye jalada, halikumkumbusha kitu. Jumamosi moja nikaenda, nikaketi benchi la nyuma kama mzazi aliyekuja kuangalia. Nilikuwa na furaha mbaya, sifichi.

Alipofika kwenye tremor akasoma mfano kwa Kiingereza, kisha akaanza kuutafsiri.

“Mikono ya baba inatetemeka kwa sababu ya msumeno. Hakunywa pombe kamwe. Mwalimu wetu...” Akasita, akamalizia taratibu. “Mwalimu wetu alimsingizia ulevi mbele ya darasa.”

Msichana wa mbele akanyoosha mkono. “Sir, huyo mwalimu alikuwa nani?”

“Huo ni mfano tu.”

Nikasimama.

“Shikamoo, mwalimu,” nikasema. “Mimi ndiye binti wa huyo baba. Mjibu mtoto.”