Tochi ya Tumboni

Mama yangu anasali misa ya alfajiri, siku zote, hata ile ya Jumatatu ambayo padre mwenyewe anaisoma kama mtu anayetafuta blanketi lake. Misa ya saa tatu, anasema, ni ya watu wanaokwenda kuonyesha viatu. Kwa hiyo saa kumi na moja kasoro tunatoka, giza lingali limekaa, na njia yetu inashuka bondeni kwenye vinyungu, zile bustani za mboga za kandokando ya maji, inavuka kijito juu ya magogo mawili, halafu inapanda katikati ya miti ya miwati hadi misheni. Mchana ni njia ya kawaida. Alfajiri, ukungu wa Njombe ukishalala pale bondeni, ni njia ya kukisia.

Zamani Mama hakuhitaji taa. Alikuwa anatembea gizani kama anatembea jikoni kwake. Lakini mwaka huo alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na macho yalirudi na masharti. Gizani hakuona shimo, na mwanga mkali ulimchoma mpaka machozi.

Kaka yangu, anayeuza vipuri vya malori Makambako, akatoa sharti la tatu.

"Akianguka mara moja tu, namchukua," alisema kwenye simu. "Kwangu kuna umeme, kuna vigae, na kanisa liko mtaa wa pili."

Nilimfikishia Mama. Akasema, "Makambako watu wanashuka, wanakula chipsi, wanapanda tena. Mimi nikashuke pale nikae?" Kisha akasema jambo lingine, kwa sauti ndogo zaidi: kwamba akihamishwa hatarudi. Alikuwa amewaona wenzake wawili wakipelekwa kwa watoto wao mjini kupumzika, na wote walirudi, kweli, lakini wakiwa wamebebwa.

Basi kazi ikawa yangu. Asianguke.

Mimi nanunua viazi kule kwetu na kuviuza sokoni Makambako, siku mbili kwa wiki, kwa hiyo stendi ile naijua na yenyewe inanijua. Nikamfuata machinga mmoja aliyekuwa amevaa tochi tatu kichwani kwa mpigo, zote zinawaka saa sita mchana.

"Hii, mama, inapiga mpaka Mbeya," akasema.

"Mbeya sina shida nayo. Nataka kuona mfereji ulio mbele ya mguu."

"Hapo sasa unaomba tochi dhaifu. Dhaifu sina."

"Kama haina kazi yote ninayoitaka, basi na bei isiwe yote."

Aliniangalia kwa muda, akaona nina muda mwingi kuliko yeye, akapunguza. Nikaondoka nimefurahi, jambo ambalo kwa mfanyabiashara ni dalili mbaya.

Asubuhi ya kwanza nikaifunga kwenye paji la uso na kuiwasha. Tuliposhuka bondeni, ukungu ukaupokea ule mwanga wote na kunirudishia mwenyewe machoni. Mbele yangu palikuwa na ukuta mweupe kama shuka la hospitali. Mama akafunika macho kwa upindo wa kitenge. Tulikuwa wawili tu, na kipofu hakuwa yeye.

Halafu, katikati ya ukuta, akatokea katekista, mzee wa heshima anayekwenda mapema kuwasha mishumaa. Kwetu sisi Wabena mkubwa hasalimiwi huku umeangalia kwingine. Unasimama, unakunja goti kidogo, unamwelekea usoni, unasema "kamwene" na unangoja akuitikie. Nikasimama. Nikakunja goti. Nikamwelekea usoni.

Yule mzee alirudi nyuma hatua moja kutafuta mahali pasipo na jua, na hapakuwa na mahali, palikuwa na mfereji. Akatumbukia humo hadi kiunoni, na kule ndani akatamka neno ambalo halimo kwenye kitabu cha nyimbo.

Tulimtoa, tukamfuta, tukaendelea mpaka kanisani. Tulipoketi akaninong'oneza, "Umemsalimia mzee wa watu kwa radi. Hiyo tochi hairudi njiani mpaka imefundishwa adabu."

Nikaanza kuifundisha. Kwanza niliweka karatasi ya choo juu ya kioo. Ikalowa ukungu na kudondoka kabla hatujamaliza uwanja. Nikabandika plasta ya kidonda, ikatoa mwanga wa kuumwa. Nikasugua kioo kwa msasa mpaka kikawa na ukungu wake chenyewe, na hapo palikuwa na nafuu: mwanga uliacha kuchoma mahali pamoja, ukatawanyika pembeni. Lakini ulibaki mweupe, ule weupe wa chaki.

Kila jaribio nililipeleka jikoni usiku baada ya chakula. Nilitia kuni mbichi makusudi, moshi ukajaa, maana moshi na ukungu kwa tochi ni kitu kimoja. Mama alikaa kwenye kigoda chake kama mtahini wa serikali.

"Hii?"

"Inauma."

"Na hii?"

"Hii inauma polepole."

Siku ya tatu ya kukohoa nikatazama kona, nikaona dumu la njano la mafuta ya kula, lile ambalo kila nyumba inalo na linamaliza maisha yake likichotewa maji. Hilo letu lilikuwa limepasuka mdomo. Nikakata ubavuni kipande cha mviringo kwa wembe, nikakisugua kingo, nikakichomeka chini ya kioo, ndani ya pete inayokishika. Nilikata mara mbili, kwa sababu cha kwanza nilikuwa nimepima kwa jicho na jicho langu lina haraka. Nikawasha.

Mwanga uliotoka ulikuwa wa rangi ya uji wa ulezi uliotiwa maziwa. Ukuta wa moshi ulikuwepo bado, ila ulikuwa umetulia.

"Hiyo ni kama moto wa mkaa," Mama akasema. "Hiyo naweza kuiangalia."

Nikainama kupuliza kuni zilizokuwa zinazimika, na ili nisichome nywele nikavua tochi na kuiweka chini, juu ya kinu kilicholala. Moshi wote ulikuwa juu. Tochi ilikuwa chini. Mwanga ukapita chini ya moshi ukafika mpaka mlangoni, na kila punje ya mahindi iliyoanguka sakafuni ikasimama na kivuli chake. Tukaangaliana. Kipande cha dumu kilikuwa nusu ya dawa tu. Nusu nyingine ilikuwa kuitoa ile taa kichwani.

Kesho yake niliifunga kiunoni, juu ya kitenge. Magogo ya kijito yakaonekana, na utelezi wake pia. Na nilipogeuza uso kumsalimia katekista, tumbo liliendelea kuangalia njia. Mzee aliitikia akiwa wima, ingawa alikuwa ameshashika mti.

Wanakwaya hawakuniacha. "Dada," mmoja akaniuliza mlangoni pa kanisa, "mimba hiyo ni ya nani? Mbona imeanza kuwaka?"

"Ya fundi umeme," nikamwambia. "Alikuja kwako, hukuwepo."

Tungeishi vizuri hivyo, lakini habari ya mfereji ilikuwa imeshapanda gari. Ilitoka kwetu ikiwa katekista ameteleza, ikafika Makambako ikiwa Mama amevunjika nyonga. Jumamosi kaka akatua na gari lake. Alimkuta Mama anapukuchua maharage, amekaa, nyonga zote mbili nzima.

Nilimweleza. Hakuamini. Tukapatana hivi, baada ya kubishana mpaka chai ikapoa: Jumapili atembee nasi, aone kwa macho yake.

Alfajiri akawasha tochi ya simu. Mama hakugeuka hata. "Zima hiyo. Tunakwenda kusali, hatukamati mwizi."

Akazima. Tulikwenda, tumbo langu mbele, Mama ubavuni pangu, kaka nyuma. Mama hakujikwaa kwenda wala kurudi. Kaka alijikwaa, lakini yeye hakuwa kwenye mapatano.

Nilijua nimeshinda. Hapo jikoni, akinywa chai, akauliza kwa upole, "Siku zako za soko, unaondoka na gari la saa kumi. Nani anamwashia?"

Nilikuwa nimepiga hesabu za kila kitu kwenye ile tochi isipokuwa tumbo inakofungwa.

"Ndiyo hivyo," akasema. "Kesho asubuhi naondoka naye."

Mama alikuwa palepale. Aliendelea na maharage.

Jumatatu niliamka nikaukuta mlango wazi. Mama alikuwa uwanjani, mkanda wa tochi umefungwa kiunoni juu ya sweta, fundo la pili juu ya la kwanza kwa sababu kiuno chake ni kidogo kuliko changu.

"Ngoja nivae, Mama."

"Lala. Leo umechoka."

Kaka akatoka nyuma yangu na koti begani. Mama akamtazama, akamgeuzia mgongo. Akaenda.

Ukungu siku hiyo ulikuwa mwepesi. Tulisimama wawili tukiangalia ile njano ikishuka, inayumba kidogo na kila hatua, mpaka kwenye kijito. Hapo ikasimama.

Ilisimama muda ambao sitaki kuurudia.

"Mfuate," kaka akasema.

"Mfuate wewe."

Hakuna aliyeinua mguu. Tungemfuata, hata angefika salama, ingekuwa amepelekwa, na mchana angepanda gari akiwa hana la kujibu. Nafikiri hata kaka aliliona hilo, ingawa ni mtu wa vipuri. Mwanga ukashuka chini zaidi, karibu na maji, kama wa mtu aliyechuchumaa kupima gogo, ukabaki pale. Kisha ukainuka, ukavuka polepole, gogo kwa gogo, na kuanza kupanda kwenye miwati.

Kaka alivuta pumzi. Akaenda kwenye gari, akafungua buti, akatoa begi la Mama ambalo sikuwa na habari kwamba limeshapakiwa. Akaliweka barazani bila kuniangalia.

"Na blanketi lake," nikasema.

Akarudi kulichukua.